Diski Iliyolala Kwenye Sanduku la Mama Yako

Awuor, nyathina, mwanangu,

Mama yako aliwafundisha darasa la sita kwamba barua huanza na salamu, halafu habari za afya, halafu hali ya hewa. Basi, salamu. Afya ipo, mgongo tu ndio unanisumbua. Hewa ya Kondele unaijua mwenyewe: jua, vumbi, na yule jirani muuza redio amefungulia spika zote mbili tangu asubuhi. Nimefunga nusu ya mlango wa duka langu la kompyuta ili wateja wadhani nimetoka. Wewe uko Kombewa kumuaga dani, nyanya yako, na umesema utarudi na gari la saa kumi na moja. Nataka niwe nimemaliza kabla hujafika. Ukinikuta naandika utauliza naandika nini, na mimi nikiulizwa ana kwa ana huwa nadanganya. Hilo utaliona hapa mbele.

Kesho asubuhi unapanda basi la kwenda Voi kuanza kazi ya ualimu, kazi ya mama yako. Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitayaandika. Shangazi yako Risper ameshayasema mara tatu, na wewe na mimi tunajua leo kabla ya kulala atayasema mara ya nne. Mimi nitaandika juu ya SSD, ile diski ya kisasa ya kuhifadhia faili, kwa sababu ndicho kitu ulichoniomba. Ulisimama hapo mlangoni na chapati mkononi, ukasema, "Baba, ile kompyuta ya nyumbani ninaenda nayo. Niwekee SSD nzuri, halafu unitilie imla za mama." Nikasema sawa. Uliniomba vitu viwili, na sawa yangu ilikuwa ya kimoja tu.

Tuanze na hicho kimoja. Nimekufanyia kazi kwa moyo wote, na nataka ujue nilivyochagua, maana siku moja utachagua mwenyewe na mimi sitakuwepo kukupigia kelele.

Ukienda kununua, watakuwekea mbili mezani. Moja ni kubwa, terabaiti nzima, boksi linang'aa, na bei inakuchekea. Nyingine ni ndogo, robo ya ile, boksi la kawaida, na bei inakukunjia uso. Chukua ndogo. Ile kubwa ya bei ya kuchekesha mara nyingi ni chipu zilizokwisha kuchoka kwingine, zimeng'olewa, zikavishwa nguo mpya. Wakati mwingine hata ukubwa ni uongo: imeandikwa terabaiti na ndani hakuna. Itapokea kila unachoipa, itakuonyesha majina ya faili zako yote, na siku ukifungua, hola, hamna kitu. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi usiiamini sana. Hiyo ni kasi ya dakika ya kwanza. Ipe faili nzito inakili, kaa hapo uiangalie, usiende kunywa chai. Nzuri itapunguza mwendo kidogo na kuendelea. Mbaya itaanza kukokota miguu. Muulize muuzaji, ikifa mwakani nani atanipa nyingine? Akicheka, rudisha mezani. Na usidanganyike na zile nyembamba kama kijiti cha Big... (naona naanza kutaja biashara za watu) kama kijiti cha chingamu. Hizo ni za kompyuta mpya. Yetu ni ya zamani, haina mahali pake, inataka ile bapa ya kuingia kwenye waya wake. Halafu usiijaze mpaka pomoni. Iachie nafasi ipumue.

Haya yote nayajua leo. Uchungu wangu, Awuor, ni kwamba hata siku ile niliyajua.

Unakumbuka imla zilivyoanza? Ulikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Mama alikuwa anafundisha ng'ambo ile ya mji, anabaki na watahiniwa mpaka jioni, na wewe unarudi nyumbani peke yako. Akaona Kiswahili chako kinaharibika hapa Kondele kwa lugha ya vijana wa steji ya matatu. Akaanza kurekodi imla kwenye kompyuta ya nyumbani. Sentensi tano kila siku ya shule. Anasoma polepole, mara mbili, nukta anaitaja, koma anaitaja. Wewe ukirudi unabonyeza, unaandika kwenye daftari, na yeye akifika anasahihisha kwa wino mwekundu. Majirani walikuwa wanauliza ni mwalimu gani huyo anayefundisha ndani ya nyumba na mlango umefungwa.

Ulipoingia sekondari ya bweni, imla ziliisha, lakini faili zikabaki. Mamia. Kisha ile diski ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka ndani, ikaanza kugonga. Tak, tak, tak. Fundi akisikia mlio huo anajua ni kuhamisha leo, kesho umechelewa. Tukaja hapa dukani mimi na mama yako siku ya Jumamosi. Kwenye kaunta palikuwa na SSD mbili, ndogo nzuri moja, na moja kubwa kutoka kwenye katoni niliyokuwa nimeileta juzi yake kutoka Nairobi. Mama yako akaziangalia zote mbili, akasema, "Baba Awuor, chukua ile ndogo. Sauti yangu si nzito hivyo."

Wateja walikuwa watatu. Walicheka. Mimi nikamwita kwa jina la kwao, nikasema, "Nyar Seme, wewe fundisha Kiswahili. Fundi ni mimi."

Niliichukua ile kubwa, na si kwa sababu niliiamini. Nilikuwa na katoni nzima ya kuuza. Na wewe unajua namna yetu mafundi wa hapa: mteja akisitasita, huna neno la nguvu zaidi ya "hata mimi mwenyewe nimeweka nyumbani kwangu." Hapo anatoa mkoba. Sikutaka kulisema kwa uongo, nikajiona mtu mwaminifu sana, nikaiweka kweli. Nikaifunga kwenye kompyuta yetu na sauti yote ya mama yako ndani ili niuze katoni. Na niliuza, yawa! Wengine walirudi na malalamiko, na kila mmoja nilimwambia ni stima ya kwake ndiyo mbaya.

Diski ya zamani je? Unajua desturi ya duka: kitu kizee kinabaki na fundi. Mteja hakiulizi. Kwa mazoea tu, jioni ile ile nikaifungua ile yetu kwa bisibisi, nikatoa sumaku zake mbili, sahani nikazitupa. Zile sumaku ndizo zinazoshika kalenda ya kanisa hapa mlangoni. Kila nikibadilisha mwezi nazishika.

Ugonjwa wa mama yako ulikuwepo, uliuona, siuandiki. Ulikuwa kidato cha pili. Baada ya mazishi ulirudi shuleni, nami nikabaki na nyumba. Wiki ya pili nikafungua kompyuta, nikaitoa ile SSD na kutia diski nyingine, SSD nikaifunga kwenye leso yake ya kijani, nikaiweka kwenye sanduku lake la bati pamoja na nguo zake. Ulipokuja likizo ukauliza, "Baba, mbona kompyuta haina imla?" Nikakujibu ziko salama kuliko benki. Na nikakwambia sanduku la marehemu halifunguliwi mpaka ukoo ukae ugawe nguo.

Ni kweli kwetu ndivyo. Lakini kugawa nguo hakungoji miaka. Shangazi yako Risper, ambaye ndiye wa kusimamia, aliniambia mapema, "Omera, ndugu yangu, tukae tumalize." Nikasema mvua ni nyingi, barabara ya nyumbani imekatika. Mara ya pili nikasema binamu yangu hayupo. Mara ya tatu nilisema nini, hata sikumbuki. Mimi ambaye mila nyingine zote nazicheka, hiyo moja niliishika kama mtakatifu. Risper akaacha kuniuliza. Mwaka ukaisha, wa pili ukafuata, mpaka ikafika sita.

Sasa nikwambie kwa nini, na hili hata Risper hajui.

Mama yako alikuwa anarekodi jioni, na jioni ndiyo saa yangu ya mpira redioni. Ukisikiliza imla zozote zile, nyuma ya sauti yake kuna redio yangu. Nusu yazo zina sehemu anasimama, anasema, "Baba Awuor, punguza kidogo, narekodi." Wakati mwingine najibu "ee" na sipunguzi. Mara moja nilijibu, "Rekodi kesho. Kwani huyo mtoto atakuwa mwandishi?" Akaendelea: sentensi ya tatu. Hakufuta. Wewe ulikuwa unaandika imla na hayo yote unayasikia, ukiwa mtoto wa miaka kumi, na hukuwahi kuniambia neno.

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Kifo nilikuwa nimekiona tayari; niliyemwogopa kwenye ile diski ni mimi mwenyewe. Niliogopa kukaa kwenye nyumba tupu nimsikie ananiomba kitu kidogo namna hiyo, na mimi namnyima tena.

Halafu kuna jambo lililo baya kuliko hilo. Mwaka juzi alikuja hapa mhadhiri mmoja kutoka Maseno, mzee mpole, na SSD yake mkononi. Aliweka humo kazi yake ya miaka mingi, akaifungia kwenye droo, akaenda zake masomoni ng'ambo. Amerudi, haisomi. Nikampa somo, Awuor! Nilisimama kama mimi ndiye mhadhiri. Nikamwambia, "Mzee, hii si diski ya zamani. Humu ndani hakuna kilichochongwa. Ni vijumba vidogo vidogo vimeshika chaji ya stima, na chaji inavuja. Ikiwa mpya na nzuri, itavumilia. Ikiwa imechoka, ikae kwenye joto bila stima mwaka baada ya mwaka, inasahau. Ni lazima uiamshe mara kwa mara." Akaniuliza, "Kwa hiyo nilipoihifadhi ndipo nilipoiharibu?" Nikasema ndiyo, mzee. Pole sana.

Akaondoka ameinamisha kichwa. Mimi nikabaki nimeshika kaunta. Sanduku la bati, chini ya paa la mabati, na mvuke wa ziwa, na ile diski ni ya katoni ile ile! Nilifunga duka mapema nikaenda nyumbani mbio. Nilifika mpaka chumbani. Niliweka mkono kwenye kufuli. Pengine siku ile imla zilikuwa bado zimo, zote au nusu, sijui, na hakuna wa kuniambia. Nilikaa juu ya sanduku, nikavua viatu, nikajiambia ukoo haujakaa. Ulikuwa ni woga, na niliuita heshima.

Mganga hajigangi, wanasema, na watu hucheka wakisema. Mimi sichekeshwi nayo tena.

Desemba Risper akachoka na mimi. Akaja na wazee bila kunitangazia, akasema leo ni leo. Sanduku likafunguliwa, nguo zikagawiwa, wewe ukachukua leso ya kijani na ile sweta ya shule. Utakumbuka kwamba nilitoka katikati ya chakula nikasema kuna mteja. Hakukuwa na mteja. SSD ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nimeichomoa kwenye leso kabla hujaikunjua. Nilikuja hapa, nikaiunganisha. Ikachukua muda mrefu, kisha majina yakatokea. Imla Jumatatu. Imla Jumanne. Imla Ijumaa, Awuor alikuwa na homa. Yote yamepangwa vizuri kwa mkono wa mwalimu. Nikapiga magoti hapa sakafuni, nikasema asante Mungu. Nikabonyeza ya kwanza. Haikufunguka. Ya pili. Ya kumi. Moja tu ilifunguka, ikatoa mlio wa kukwaruza kwa muda mfupi kisha ikakata, na hata majina yenyewe yakapotea nikiyaangalia.

Nilijaribu kila ninachokijua. Nikaituma kwa bingwa mmoja Nairobi ambaye kazi yake ni hiyo tu, na yeye akairudisha na ujumbe wa maneno manne: hakuna kitu cha kuokoa.

Tangu Desemba umeniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nikasema natafuta waya wake. Mara ya pili nikasema kuna mteja ameuazima. Juzi, na chapati yako, nikasema sawa. Waya ninao, Awuor. Niko nao hapa mbele yangu. Hakuna sauti. Nimeipoteza sauti ya mama yako, niliichagulia mahali pabaya, na nilipojua pabaya sikwenda kuitoa. Nisamehe, mwanangu. Ukishindwa leo, hata baadaye, nitangoja.

Akiba haiozi, mama yako aliwaandikisha hiyo, naikumbuka kabisa. Kama angekuwepo ningebishana naye. Yangu imeoza, na imeozea pale pale nilipoifunga kufuli. Sikuambii uishi vipi. Ninachokwambia ni cha kifundi tu: kitu unachokipenda usikiweke mahali pamoja, na usikiweke mahali usipotaka kwenda. Kifungue. Hata kama kinauma, kifungue, uone kama bado kimo.

Kompyuta yako iko tayari kwenye boksi lake, nimeifunga kwa blanketi la zamani. Ndani nimeweka SSD ndogo, nzuri, mpya. Nimeijaribu siku tatu. Voi kuna joto, usiiweke karibu na dirisha. Ukiiwasha utaiona iko tupu, isipokuwa faili moja, na hiyo lazima niieleze usije ukashtuka.

Chini kabisa ya sanduku, chini ya magazeti, palikuwa na daftari lako la imla la darasa la nne. Moja tu, mengine sijui yalikwenda wapi. Sikulitaja siku ile. Nimelisoma lote. Maneno ni yake, mwandiko ni wako, makosa yamezungushiwa wino mwekundu. "Kuku wa jirani ametaga juu ya paa la choo." "Mvua iliponyesha, baba alisahau kuanua nguo." Hiyo nilicheka peke yangu. "Omena ni samaki mdogo, lakini humshibisha mwenye shukrani." Kisha nikafika ukurasa wa mwisho, sentensi ya nne, na umeiandika bila kosa hata moja: "Hatimaye, baba amepunguza sauti ya redio."

Sikuwahi kuipunguza. Aliitunga hivyo tu, akakupa uandike. Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba ule ukurasa umelegea.

Jana ulipokuwa kwa Risper nilikaa sebuleni, redio nikaizima kabisa, nikazisoma sentensi zote na kuzirekodi kwenye kompyuta yako; ndiyo ile faili moja. Mara mbili kila moja, nukta nimeitaja, koma nimeitaja. Ni sauti yangu, na unajua Kiswahili changu kinavyopanda na kushuka kama cha Jaluo wa kweli. Mama yako angeshika kichwa. Si yake na haitakuwa yake, wala sikuirekodi ili ikae mahali pake. Nilitaka tu kitu kimoja cha kwake kisifike Voi kimya. Inakili pia kwenye simu, na daftari lenyewe nimelitia ndani ya begi lako, katikati ya nguo, lisiloane.

Kuna jambo moja limenishinda. Ukurasa ule wa mwisho, namba tano haina kitu. Umeandika tano, ukaweka nukta, halafu kalamu imeteleza mpaka ukingoni. Ulisinzia. Pembeni mama ameandika kwa wino mwekundu, "Umelala? Tutamalizia kesho." Ninaitafuta hiyo sentensi kichwani tangu Desemba. Nilikuwepo chumba kile kile alipokuwa akiisoma, na sikuisikia kwa sababu ya mpira.

Wewe pengine unaikumbuka. Usiniambie leo. Ukishafika, ukishakasirika vya kutosha, ikikujia siku yoyote, nipigie simu. Usinisalimie kama hutaki. Isome tu, polepole, mara mbili. Mimi nitakuwa na kalamu.

Baba yako